Folda Ambayo Mama Chebet Hakuitaja

Mwalimu wa kompyuta katika chuo cha ufundi kilicho hapa karibu amenisumbua wiki tatu niwaandikie wanafunzi wake vidokezo vya kuondoa virusi. Nilimwambia vidokezo vimejaa kwenye mtandao, awape simu watafute. Akasema wanafunzi wake wameshatafuta na kilichobaki ni kumpata mtu. Haya basi, mtu ndiye huyu. Naitwa Odhiambo, nimestaafu, goti langu la kushoto huuma kukiwa na baridi, na katika nchi hii ya majani chai baridi haiendi likizo. Nimeondoa virusi kwenye kompyuta za watu kwa miaka mingi, kwanza nikiwa karani katika ofisi ya kiwanda kimoja cha chai, halafu kwenye duka langu dogo pale Kapkatet, mlango wa pili kutoka kwa muuza mbegu.

Nawajua nyinyi vijana. Mteja akileta kompyuta inayougua, mnaweka antivirusi, mnakunja mikono, mnafungua simu kuangalia mpira. Baada ya muda antivirusi inaleta maandishi mekundu kwamba imekipata kirusi lakini imeshindwa kukifuta. Hapo mnamtazama mteja kwa huzuni ya daktari na kumwambia, "Hii ni ya kufomati tu." Kufomati maana yake ni kufuta kila kitu na kuanza upya. Yaani mtu amekuletea nyumba yenye panya mmoja, na wewe unaichoma nyumba, kisha unamkabidhi majivu na kumwambia panya hayupo tena. Ni kweli panya hayupo.

Sikilizeni. Antivirusi haishindwi kwa sababu ni mvivu. Inashindwa kwa sababu kirusi kimeamka kabla yake, kiko kazini, na kompyuta haikubali kufuta kitu kinachotumika. Huwezi kukunja shuka ambalo mtu bado amelilalia. Kwanza mtoe kitandani, ndipo ukunje. Kwa hiyo kazi ya mkono ina hatua zake, na hazijabadilika sana tangu nywele zangu zilipokuwa nyeusi. Unachomoa waya wa mtandao. Unaiwasha kompyuta nusu usingizi, ile hali mnayoiita safe mode, ambamo vinaamka vitu vya lazima pekee. Unafungua orodha ya programu zinazojiwasha zenyewe, maana kirusi kisichoweza kujiwasha hakina maisha. Halafu unaangalia kila moja inakaa wapi. Kirusi hupenda jina la heshima. Kitajiita jina lilelile la programu halali, herufi kwa herufi, lakini utakikuta kinakaa kwenye folda isiyo yake. Hapo ndipo kinapokamatika, na kukamata huko hakuhitaji akili nyingi, kunahitaji mtu asiye na haraka.

Vingine hutembea viwili viwili. Ukikizima kimoja, kingine kinakiamsha kabla hujatoa kidole kwenye kibodi. Nilihangaika siku nzima na ndugu wawili wa namna hiyo katika kompyuta ya shule moja ya upande wa Bomet, mpaka mwalimu mkuu akaanza kunitazama kama anayejuta kunipikia chakula cha mchana. Mwisho niliacha kupigana nao. Kompyuta haikukubali niwafute wakiwa macho, lakini ilikubali niwabadilishe majina. Nikampa mmoja jina la mbuzi na mwingine jina la kuku, nikazima, nikawasha. Kompyuta ilipoamka iliwaita kwa majina yao ya zamani na hakuna aliyeitika. Nikawafuta wote wawili wakiwa wamelala, nikala ugali wa pili bila aibu.

Subira hiyo sikuitoa kwenye kitabu. Aliyenifundisha ni mtu ambaye hakuwahi kugusa kompyuta maishani mwake. Fundi Mitei, Mkipsigis wa Kiptere, alikuwa akitengeneza mizani na mashine za kupiga chapa kiwandani kwetu. Mrefu, mkavu, na anaongea kana kwamba kila neno linatozwa ushuru. Mimi nilikuwa kijana wa kutoka kando ya ziwa, baba yangu mchuma chai kwenye shamba kubwa, na nilikuwa nimepata cheti changu cha kwanza cha kompyuta, kwa hiyo nilikuwa nimevimba kichwa kiasi kwamba kofia ya mvua ilinibana.

Kompyuta ya meneja ilipopata kirusi, nilisema hiyo ni kazi ya nusu saa. Nilifungua folda kuu ya mashine na kufuta kila faili lenye jina nisilolijua. Na sasa niwaambie ukweli, majina niliyoyajua siku hizo yalikuwa machache sana. Nilifuta kama mwanamke anayepalilia mahindi mvua ikiwa inakuja. Nilipoiwasha tena, kompyuta ilileta skrini nyeusi na kimstari kimoja cheupe kinachopepesa, na hivyo ndivyo ilivyokaa. Meneja aliandika barua zake kwa mkono siku nne, na mwandiko wake ulikuwa mbaya hata yeye mwenyewe hakuweza kuusoma.

Mitei alikuja kunitembelea katika msiba wangu. Aliniuliza nilitoa nini. Nikamwambia vitu vingi. Akaniuliza nimeviweka wapi. Nikamwambia nimevitupa. Hakunicheka wala kunigombeza. Alinipeleka kwenye meza yake, ambako alikuwa amefungua mashine ya kupiga chapa, na juu ya kitambaa cheupe alikuwa amepanga kila skrubu kwa mpangilio wa jinsi alivyozitoa, hata zile zilizoshika kutu ambazo mimi ningezirusha dirishani. Akasema, "Mimi situpi kitu mpaka hii mashine ifanye kazi wiki moja." Hiyo ndiyo hotuba ndefu zaidi niliyopata kumsikia akitoa kiwandani.

Tangu siku hiyo, kwenye kila kompyuta niliyoitibu, nilitengeneza folda moja na kuiita Jela. Faili nililolishuku sikulifuta. Nilibadilisha mwisho wa jina lake lisiweze kuwaka, nikalitia Jela, nikaandika kwenye daftari limetoka wapi na tarehe yake ya kuzaliwa. Mteja alitumia kompyuta wiki moja. Kama hakuna kilicholalamika, ndipo nilipofuta. Nyinyi mnacheka daftari, mnasema mzee anaandika kwa kalamu mbele ya kompyuta. Chekeni tu. Kompyuta ikizima na kukataa kuwaka, daftari langu bado linasomeka.

Enzi za flashi ndizo zilizonipa kazi nyingi zaidi. Siku hizi mnatumiana kila kitu kwa simu, hamjui raha ya flashi moja inayotumiwa na kijiji kizima. Mtu alivaa flashi shingoni kama ufunguo wa ghala. Ilibeba nyimbo za kwaya, mitihani ya shule, programu ya mazishi, picha za harusi, na kila ilipochomekwa iliacha kitu na kuondoka na kitu. Ilifika mahali nikikiona kirusi najua kimetoka upande gani, cha Bomet mjini nakijua, cha saiba za Kericho, vile vibanda vya kulipia intaneti, nakijua. Kuna kwaya mbili ambazo sitazitaja, hazikuwa zinasalimiana kwa sababu ya zawadi ya mashindano. Zote mbili ziliniletea flashi zao juma moja, na zote zilikuwa na kirusi kilekile, chenye tarehe ileile. Nilipofungua nikaona pia zote zilikuwa na wimbo mmoja mpya ambao kila upande uliapa umeutunga wenyewe. Nilisafisha, nikanyamaza. Fundi wa kompyuta akianza kusema anayoyaona, hatapata hata mtu wa kumuuzia maziwa.

Kirusi kilichokuwa maarufu kuliko vyote kilificha folda za mtu na kuweka mahali pake vitu bandia vyenye picha ya folda na jina lilelile. Ukibofya, unakiwasha chenyewe. Antivirusi ikija, inafuta zile bandia, na mteja akifungua flashi anaiona tupu. Hapo ndipo mafundi wengi walipokosea na kusema flashi imekufa. Haikuwa imekufa hata kidogo. Vitu vilikuwa mle mle, vimefichwa tu, na amri moja fupi kwenye lile dirisha jeusi la kuandikia maagizo iliviondolea kifuniko vyote. Nimepikiwa kuku kwa sababu ya amri hiyo moja. Kuku nilimla bila kusema ilinichukua dakika ngapi.

Sasa nifike kwa Mama Chebet, kwa sababu mwalimu wenu alisema niandike pia kosa moja ambalo bado linaniuma, na ninayo mengi, ila hili ndilo linaloniamsha.

Mama Chebet alikuwa mkulima wa Kiptere, shamba dogo la chai na ng'ombe wawili, mwanamke wa umri wangu hivi, mpole, wa kusema yanayotosha. Aliniletea flashi ikiwa imefungwa kwenye leso. Kompyuta ya kijana wake ilikuwa imesema kuna kirusi na haiwezi kukitoa, na folda hazifunguki. Alichotaka ni vitu vyake vyote virudi. Aliacha flashi, akaenda zake, maana ng'ombe hawangoji.

Mambo ambayo sikuyajua siku hiyo, na ambayo yalikuwa ndiyo mambo yenyewe, ni haya. Binti yake Chebet alikuwa karibu kufanyiwa koito, ile siku wazee wa pande mbili wanapokaa pamoja, wanakubaliana kuhusu uchumba na kuwabariki vijana. Zilikuwa zimebaki siku kumi. Baba mkwe wa Mama Chebet, yaani babu yake Chebet, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Mzee huyo alimpenda sana mjukuu wake, na alipoona miguu yake haitafika siku hiyo, alimwita mke wa mwanawe, akamwambia ashike simu, akasema baraka zake zirekodiwe ziwekwe. Baadaye simu yenyewe ilitumbukia kwenye ndoo ya maziwa wakati wa kukama. Lakini mpwa wa Mama Chebet alikuwa ameshahamisha rekodi ile kwenye flashi, ndani ya folda aliyoipa jina la mzee. Sauti hiyo haikuwa mahali pengine popote duniani.

Mimi niliichomeka flashi dukani, watu watano wakiwa wamesimama wananingoja, na nikataka wote waone fundi akifanya kazi. Nilikizima kirusi, kikakataa, nikakibadilisha jina, kikanyamaza. Nikatoa ile amri yangu ya kuondoa kifuniko. Zikatokea folda kumi na sita. Kirusi hiki kilikuwa na mchezo wa ziada. Kilitengeneza folda bandia kwa majina kiliyoyaokota kwenye kompyuta zote kilikopita, majina ya watu, ya vijiji, ya timu za mpira, na ndani ya kila moja kilijinakili. Hivyo nilihitaji kujua zipi ni za mwenyewe. Nikampigia simu, nikamkuta kwenye kituo cha kupeleka majani chai.

Alizitaja bila shida. Kuna ya shule, kuna ya kanisa, kuna ya chama, kuna ya picha. Halafu akasema, "Na ile ingine."

Nikamuuliza hiyo nyingine inaitwaje. Nikasikia akina mama wengine wakiongea karibu naye. Nikauliza tena. Akasema ni ya nyumbani. Nikatafuta folda inayoitwa Nyumbani, haikuwepo. Nikamwambia kwa ile sauti yetu ya mafundi, ya kumwonyesha mteja kwamba tunavumilia, "Mama, mimi nataka jina tu, lile limeandikwa."

Akasema taratibu, "Utaiona tu, Odhiambo. Iko hapo."

Nilikata simu nikitikisa kichwa, na wale watu watano wakatikisa vichwa pamoja nami. Nilifungua folda tatu kati ya zile nisizotajiwa, nikakuta kirusi kitupu. Nikajiambia zilizobaki ni za ukoo huohuo. Nilibakiza nne alizozitaja na kufuta kumi na mbili. Jela sikutengeneza. Kwa nini? Kwa sababu foleni ilikuwa ndefu, na kwa sababu nilikuwa nimeshafanya kazi hii mara nyingi sana hata nikaamini sheria zile ni za wanafunzi. Nikamalizia kwa ule ujanja wangu wa kuweka folda ndogo tupu yenye jina ambalo kirusi hulihitaji ili kijiwashe, kikirudi kikute kiti kimekaliwa. Nilijisikia vizuri sana. Kabla ya kufunga Mama Chebet alipita akachukua flashi yake, akashukuru.

Asubuhi iliyofuata alikuwa mlangoni kabla sijafungua. Aliniambia ile nyingine haimo. Nami, badala ya kuomba radhi, nikaanza kubishana. Nikamkumbusha kwamba nilimpigia, nikamuuliza jina mara mbili, hakusema. Fundi Mitei alikuwa pale. Alikuwa amestaafu wakati huo na alikuja kila asubuhi na chupa yake ya chai kukaa kwenye benchi langu bila kusema lolote. Alimuuliza Mama Chebet kitu kwa Kikipsigis, polepole. Mama Chebet akaitikia kwa kichwa, macho chini.

Mitei akanigeukia. "Hiyo folda iko na jina ya baba ya bwanake," akasema. "Sisi, bibi haiti hiyo jina. Ulitaka aiseme namna gani?"

Si wote walio hivyo siku hizi, wasichana wengi huita tu. Lakini Mama Chebet, kwa malezi yake, miaka thelathini katika boma lile, hakuwahi kulitamka jina la baba mkwe wake hata mara moja, na asingeweza kulitamka kwa simu mbele ya akina mama wengine kwenye kituo cha kupeleka majani chai ili kumfurahisha fundi mwenye haraka. Na mimi nilikuwa nimeishi katika nchi hii tangu utotoni. Kikipsigis changu ni cha sokoni, sawa, lakini hata kwetu kando ya ziwa mkwe ana heshima yake na kuna mambo humwambii moja kwa moja. Ningeweza kuuliza inaanza na herufi gani. Ningeweza kumsubiri aje aguse kwa kidole. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Uliitupa?" Mitei akauliza.

Nikasema niliitupa.

"Haukuiweka jela?"

Nikatikisa kichwa. Alifunga chupa yake ya chai, na kule kuifunga kuliniuma zaidi ya matusi. Ndipo Mama Chebet akanieleza, kwa maneno machache, kilichokuwa mle ndani na siku ambazo zimebaki. Hakulia, wala hakunilaumu. Aliuliza tu kama inaweza kurudi. Nilimwambia sijui, na hilo lilikuwa jambo la kwanza la kweli nililomwambia tangu jana yake.

Sasa hapa shikeni kalamu, hiki ndicho kidokezo chenyewe. Kompyuta ikifuta kitu, haikichomi. Inakata jina lake kwenye orodha tu, na kusema pale mahali ni wazi, mwingine akija akae. Kitu chenyewe bado kimekaa pale mpaka kingine kije kikikalie juu. Kwa hiyo ukikosea, toa mkono. Usiandike kitu, usinakili kitu, usijaribu kitu. Nilimuuliza kama tangu jana wameongeza chochote kwenye flashi.

"Kijana alitaka kuweka nyimbo," akasema. "Nikamwambia ngoja kwanza nione ile."

Kungoja huko ndiko kulikotupa tumaini. Niliweka programu ya kufukua vitu vilivyofutwa, nikaielekeza iweke itakachopata kwenye kompyuta yangu, si kwenye flashi. Ilichimba asubuhi nzima. Ilifukua sauti zaidi ya mia mbili, kwa sababu flashi ile kabla ya kuwa ya Mama Chebet ilikuwa ya kwaya ya kanisa, na kabla ya hapo sijui ya nani. Lakini ilizifukua bila majina. Majina yalikuwa yamepotea, kila sauti ilikuwa na namba tu. Lile jina ambalo nilimsumbua alitaje halikuwa na maana tena, hata angelitamka kwa kipaza sauti.

Ilibaki kusikiliza moja baada ya nyingine, na mimi sikuwahi kuisikia sauti ya mzee yule. Mitei alimjua, lakini masikio yake yalimalizwa na mashine za kiwanda. Ilibidi Mama Chebet asikilize mwenyewe. Alikuja saa nane mchana baada ya kuchuma chai, akakaa kwenye benchi kando ya Mitei, mkoba mapajani, nami nikawa nabofya. Nilifunga duka kwa wateja. Wale wa foleni niliwaambia mashine imeharibika, na sikuwa nimedanganya sana.

Tulisikia mazoezi ya kwaya, mwalimu wa kwaya akiwagombeza sauti ya kwanza kwamba wanaimba kama wanaofukuza ndege. Tulisikia ng'ombe. Tulisikia mtu akijifunza gitaa, na hakuwa amejifunza sana. Tulisikia Chebet akiwa mdogo anakariri shairi la shule, anasahau mstari wa tatu, anarudi mwanzo, anausahau tena, na Mama Chebet akacheka mpaka akajifunika mdomo. Lakini nyingine zilitoka zikikwaruza tu, zimevunjika, hakuna kitu ndani. Zilizovunjika zilikuwa nyingi. Kila iliyokwaruza nilijiambia ndiyo hiyo, umemuua mzee mara ya pili, na niliogopa kumtazama. Jioni ilipofika tulikuwa hatujafika nusu. Aliondoka akasema atakuja kesho, kana kwamba ni yeye anayenisumbua.

Siku ya pili mvua ilinyesha kwenye mabati hata ikabidi tungoje ipungue ndipo tusikie. Mitei alimmiminia Mama Chebet chai kwenye kifuniko cha chupa, kitu ambacho mimi hakuwahi kunifanyia kwa miaka yote ya urafiki wetu. Zilikuwa zimebaki kama thelathini. Nikabofya inayofuata. Kwanza palikuwa na kuku, kisha kiti kikiburutwa, kisha kikohozi kirefu cha mtu mzima. Mama Chebet akakaa wima. Niliangalia muda chini ya skrini, dakika saba, haijakatika mahali.

Halafu sauti nzito, iliyokaribia simu kupita kiasi, ikauliza kwa Kikipsigis, kwa shaka ya mtu asiyeamini vyombo. Hata Kikipsigis changu cha sokoni kilitosha kuelewa.

"Mama Chebet, hii kitu imeshika? Nianze ama bado?"

Kwenye rekodi hakuna aliyejibu. Nadhani siku ile alimwitikia kwa kichwa tu, mikono yake ikiwa imeshika simu. Lakini pale dukani Mama Chebet aliweka mkoba chini, akainama karibu na spika, na akajibu kwa sauti ya chini, ya heshima.

"Imeshika, baba. Anza tu."

Na mzee akaanza.